Hivi Misri ya Mafirauni iliangushwa na nini hasa? Mafundi waligoma kwa njaa na mfalme bado yupo kwenye kiti

#1 Mtunza Ghala
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanisumbua muda mrefu, naomba tulijadili bila kutukanana.

Pale Turin, Italia, kuna papirasi (karatasi ya kale ya mafunjo) inaitwa papirasi ya mgomo. Inahusishwa na karani mmoja, Amennakht, wa kijiji cha Deir el-Medina. Hicho ndo kijiji walichokaa mafundi wa kuchonga makaburi ya wafalme, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Thebes. Mafundi hawa hawakuishi kwa kulima, walikula posho ya serikali. Fundi wa kawaida kwa mwezi alipata ngano kama lita 300 na shayiri ya bia zaidi ya lita 100, halafu samaki, mboga, kuni, na hata maji walipelekewa kwa punda maana kijiji kiko jangwani. Sasa mwaka wa 29 wa Ramesses III, karibu 1157 KK, posho ikachelewa. Siku 18 za mwezi zikakatika hakuna kitu. Mafundi wakaweka patasi chini, wakavuka kuta tano za eneo la makaburi, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu la Thutmose III. Viongozi wao wakaja kuwabembeleza warudi, wakakataa. Walisema kilichowatoa ni njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki, hawana mboga, Farao aandikiwe aambiwe.

Huu ndo mgomo wa wafanyakazi wa zamani kuliko yote tunaoujua kwa maandishi. Na mfalme mwenyewe ni nani? Ni yule yule aliyewapiga wavamizi wanaoitwa Watu wa Bahari mwaka wa 8 wa utawala wake, wakati madola mengi ya jirani yanaporomoka. Adui wa nje kawashinda, ila fundi anayechonga kaburi lake hana mkate!

Dai langu ni hili. Nguvu ya Farao ilikuwa ghala. Mto ukijaa serikali inakusanya nafaka, mto ukikataa serikali inagawa. Yeye ndo alisimama kati ya mkulima na njaa na kwa hilo watu wakamwita mungu. Akaanza kugawa ghala lenyewe kwa mahekalu na wakubwa wa mikoa, kidogo kidogo, mpaka akabaki na taji tu. Papirasi ya Harris ina urefu wa zaidi ya mita 40 na imejaa orodha za vitu Ramesses III alivyowapa miungu. Wataalamu wengi wanakadiria mahekalu yalishika kama theluthi moja ya ardhi ya kilimo, na sehemu kubwa ni ya Amun, mungu mkuu wa Thebes, peke yake.

Wakuu mnasemaje?

#2 Jongoo Mpole
Nimekaa mbele kabisa na kahawa yangu. Ngoja waje wajuvi.

#3 Kisa Mkasa
Mkuu umezunguka sana, Misri iliangushwa na Mungu, Musa na Firauni na Bahari ya Shamu habari imeisha. Halafu hao mafundi unaowahurumia si ndo watumwa waliojengeshwa piramidi kwa viboko, sasa wagome wana mkataba gani?

#4 Bint Hikma
Kisa Mkasa taratibu ndugu yangu, umechanganya vitu viwili vilivyoachana miaka 1,400. Piramidi kubwa ya Giza ni ya Khufu, kama 2560 KK. Huo mgomo ni 1157 KK. Yaani kwa Ramesses III piramidi zilikuwa ni mambo ya kale kabisa.

Na hao wa piramidi hawakuwa watumwa wa viboko kama tulivyozoea kwenye muvi. Mwaka 1990 yaligundulika makaburi yao pale pale Giza, karibu na piramidi ya mfalme, jambo ambalo mtumwa asingepewa. Kijiji chao nacho kimechimbwa, tanuri za mikate zipo, mifupa ya ng'ombe na mbuzi tele, na mifupa ya watu wenyewe inaonyesha waliovunjika mikono walitibiwa ikaunga. Halafu 2013 pale Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, zikapatikana papirasi za kiongozi wa kikosi cha wanamaji anaitwa Merer. Kaandika safari zake siku kwa siku, anapakia mawe ya chokaa Tura, analala njiani, anashusha Giza, anarudi tena. Daftari la kazi kabisa, na hesabu za chakula cha kikosi zimo. Kulazimishwa kulikuwepo, kila eneo lilitoa watu wa zamu, lakini walilishwa. Piramidi ina mawe kama milioni 2.3, usingeyapandisha kwa watu wenye njaa.

Kwa hiyo Mtunza Ghala kwenye sehemu ya kupanda kwa dola niko na wewe. Kwenye kuanguka bado, nitarudi.

#5 Ustadh wa Jioni
Assalaam alaykum. Niongeze kidogo kwa alichosema Kisa Mkasa, maana mimi kisa cha Musa nakiamini kama kilivyo. Lakini tuangalie lugha. Neno lenyewe kwa Kimisri ni per-aa, maana yake nyumba kubwa. Ni kama sisi tunavyosema "Ikulu imetoa tamko" tukimaanisha rais. Lilikuja kutumika kwa mfalme mwenyewe wakati wa Ufalme Mpya (kipindi cha akina Ramesses), zamani za Khufu lilikuwa ni jina la jumba tu. Na ukisoma Qur'ani kwa makini, kwenye sura ya Yusuf mtawala anaitwa mfalme, kwenye habari za Musa ndo anaitwa Firauni. Mimi hilo hunisisimua kila nikilisoma.

Sisi Waswahili firauni tumeligeuza tusi, mtu akidhulumu yatima anaambiwa firauni wewe. Lakini wapo zaidi ya 170 kwa miaka 3,000, hawawezi kuwa wote sawa. Na Yusuf aliokoa watu na nini? Ghala la miaka saba. Mleta uzi hapo umegusa penyewe.

#6 Mwana wa Rufiji
Mimi si msomi wa historia ila nimelima. Kwetu bondeni Rufiji kuna kilimo cha mlau, maji yakishapanda na kushuka unapanda kwenye tope lile lile, hutii mbolea wala nini, tope ndo mbolea. Babu alikuwa anasema mwaka maji yasipotoka mtoni ni njaa, yakitoka kupita kiasi yanabeba nyumba. Sasa Misri yote ilikuwa mlau mmoja mrefu wa kilomita mamia. Ndo maana mimi nakataa hii nadharia ya ghala, ghala linajazwa na nini kama mto umekataa?

Wamisri wenyewe walijua hilo. Jiwe la Palermo limeandika kina cha mafuriko mwaka kwa mwaka kwa wafalme wa mwanzo kabisa, kwa dhiraa, dhiraa hii hii ya kiwiko tunayoijua. Baadaye Mrumi Pliny akaandika hesabu yake: dhiraa 12 ni njaa, 13 bado njaa, 14 furaha, 15 utulivu, 16 raha kamili. Fikirieni, tofauti ya njaa na raha ni dhiraa nne! Haifiki mita mbili na nusu. Na kodi ilipangwa kwa kuangalia hapo.

Sasa Ufalme wa Kale ule wa piramidi ulikufa karibu 2180 KK, na ni kipindi hicho hicho ukame mkubwa ulipiga kuanzia Afrika ya Mashariki mpaka Mesopotamia. Kuna mkuu wa mkoa mmoja, Ankhtifi, kaburi lake liko Mo'alla kusini ya Thebes, kaandika ukutani kwamba watu wa kusini walikufa njaa mpaka wakala watoto wao, ila kwake hakufa mtu. Hapo mfalme yuko wapi? Hatajwi kama msaada kabisa. Mto ndo ulimuua.

#7 Mtunza Ghala
Mwana wa Rufiji umenipa raha, huo mlau nimeuelewa kuliko vitabu vyote. Lakini soma tena ulichoandika mwenyewe. Ankhtifi alikuwa na nafaka! Anajisifu kwamba alilisha watu wake na akakopesha majirani. Yaani chakula kilikuwepo mahali, ila kimeshatoka mikononi mwa mfalme, kiko kwa mkuu wa mkoa. Miaka ya Khufu mkuu wa mkoa aliteuliwa na kuhamishwa na mfalme, na akifa anaomba kaburi karibu na bosi wake. Kufikia mwisho wa nasaba ya sita wanarithishana baba na mwana na wanazikwa kwao mikoani, kila mmoja na shamba lake lisilotozwa kodi. Ukame ulikuta nyumba imeshagawanywa.

#8 Kalamu Nyeusi
Mimi naona nyote mnakwepa jambo lililo wazi, wafalme waliokaa muda mrefu. Pepi II alipanda kwenye kiti akiwa mtoto wa miaka sita akatawala miaka 94, akifa warithi wake wengi wameshakufa, baada yake dola haikudumu hata kizazi. Ramesses II kakaa miaka 66, kazaa watoto wanaokaribia mia, aliyemrithi Merneptah ni mtoto wake wa kiume wa 13 na alikuwa mzee wa karibu miaka 60. Baada ya Merneptah ni vurugu, mara Seti II mara Amenmesse mara malkia Tausret, nasaba ikafa. Mfalme akizeeka kwenye kiti waliomzunguka ndo wanatawala, na wao hawana haraka ya kumwambia ghala lina panya.

#9 Kisa Mkasa
Miaka 94 kwenye kiti hiyo hesabu ya mtaani. Bint Hikma hebu mkague na huyu, usinikague mimi peke yangu.

#10 Bint Hikma
Hahaha haya zamu yake. Hiyo 94 inatoka kwa Manetho, kuhani Mmisri aliyeandika kwa Kigiriki karne ya 3 KK, karibu miaka 2,000 baada ya Pepi II mwenyewe. Wataalamu wengi siku hizi wanashuka mpaka kama miaka 60 na kidogo. Bado ni mingi, hoja ya Kalamu Nyeusi haifi, inapungua uzito tu. Ila kumbuka Ramesses II huyo huyo ndo alifanya mkataba wa amani na Wahiti, dola la Uturuki ya leo, karibu 1259 KK, baada ya vita vya Kadesh ambavyo hakushinda kama alivyochora ukutani. Kukaa muda mrefu kulimpa muda wa kurekebisha kosa lake pia.

#11 Chuma Chakavu
Habari zenu. Mnaongelea nafaka na uzee, mimi niongelee chuma na mbao. Misri ilipanda enzi za shaba. Shaba ilipatikana Sinai, dhahabu Nubia, safi kabisa. Lakini bati la kuchanganya na shaba lilitoka mbali, mbao ndefu zilitoka Byblos kule Lebanoni, na chuma hawakuwa nacho cha maana. Kile kisu cha chuma kwenye kaburi la Tutankhamun, kaburi alilolifungua Howard Carter 1922, kimepimwa ni chuma cha kimondo, yaani kilidondoka kutoka angani, kwao kilikuwa kama kito. Zaidi ya miaka 600 baadaye Waashuru wanakuja na jeshi zima la silaha za chuma, 663 KK wakaipora Thebes.

Na kwa habari ya mbao kuna stori ya Wenamun, hii ni baada kidogo ya 1100 KK. Ametumwa na kuhani mkuu wa Amun kwenda Byblos kuchukua mierezi ya mashua ya mungu. Njiani kaibiwa dhahabu na fedha zote pale bandari ya Dor, na mwizi ni mtu wa chombo chake mwenyewe! Akafika Byblos mtawala Zakarbaal akamfukuza bandarini karibu mwezi mzima kila siku anaambiwa ondoka. Mwishowe akamwambia lete malipo kwanza. Zikabidi ziletwe dhahabu, fedha, vitambaa, ngozi 500 za ng'ombe, makaratasi ya papirasi mabunda 500, kamba 500, dengu na vikapu vya samaki. Zamani Farao alikuwa akitaka mierezi anasema tu na watu wanakata huku wakitetemeka. Wengine wanasema hii ni hadithi ya kutungwa, sawa, lakini aliyeitunga ni Mmisri na ndivyo alivyoiona nchi yake.

#12 Fundi Chokaa
Wakuu mimi ni fundi ujenzi nimesoma huu uzi kuanzia juu nikiwa saiti. Hiyo ya mgomo imenigusa kwa sababu mwaka huu tumekaa wiki saba hatujalipwa, mkandarasi kila tukimpigia anasema hela haijatoka, na jengo ni kubwa la vioo ukipita unasema hapa kuna pesa. Kumbe hata waliochonga kaburi la mfalme iliwakuta. Mleta uzi mimi swali langu hao mafundi baada ya hapo waliishije? Maana mtu ana watoto.

#13 Mtunza Ghala
Pole sana Fundi. Jibu ni kwamba wengine waliingia kuiba makaburi, na mengine ni yale waliyoyajua njia zake kwa sababu ni kazi yao. Iko kesi ya mwaka wa 16 wa Ramesses IX, kama miaka 45 baada ya mgomo. Mchonga mawe anaitwa Amenpnufer alikamatwa akaeleza kila kitu mbele ya tume: walitoboa kaburi la mfalme Sobekemsaf na mkewe, wakavua dhahabu ya maiti, wakachoma majeneza, wakagawana watu wanane kila mtu deben 20, hiyo ni kama kilo 1.8 ya dhahabu kwa kichwa. Akakamatwa. Akachukua fungu lake akampa karani wa bandari, akaachiwa! Akarudi kwa wenzake wakamchangia fungu jingine, wakaendelea. Kaeleza mwenyewe, imeandikwa, ipo.

Na meya wa upande wa mashariki alikuwa anamshtaki meya wa upande wa magharibi kwamba anajua na ananyamaza. Dola limefika hapo.

#14 Jongoo Mpole
Karani wa bandari kapokea mzigo na kazi ikaendelea, huyo ndo mjanja wa uzi mzima. Kila Firauni na Musa wake lakini karani hana Musa.

#15 Bint Hikma
Nimerudi kama nilivyoahidi. Mtunza Ghala nakupinga hapa: unaongea kama vile hekalu lilikuwa nchi nyingine. Hekalu lilikuwa mkono wa serikali. Maghala makubwa ya Ramesseum, hekalu la Ramesses II, ndiko posho nyingi zilikotunzwa, na ndo maana wale waliogoma walikimbilia kwenye mahekalu, walijua nafaka iko pale. Mfalme kumpa Amun shamba ni kutoa mfuko wa kulia kuweka wa kushoto. Na mfalme ndo aliyeteua kuhani mkuu.

#16 Mtunza Ghala
Bint Hikma ni kweli kwa Thutmose III, aliyekwenda vitani mara 17 na akirudi anampa Amun sehemu ya nyara. Wakati ule kuhani alikuwa mtu wake. Ila nenda hekalu la Karnak uangalie enzi za Ramesses IX: kuhani mkuu Amenhotep kajichora ukutani urefu sawa na mfalme. Kwenye sanaa ya Misri hilo halikuwa jambo dogo, mfalme siku zote ni jitu na wengine wanamfika magotini. Kiti cha ukuhani baba kamrithisha mwana. Baada yake anakuja Herihor, kuhani na jemadari kwa pamoja, anaandika jina lake ndani ya kile kizingo cha wafalme huku Ramesses XI yu hai. Ramesses XI akifa, 1069 KK hivi, kaskazini inatawaliwa na Smendes kutoka Tanis, kusini makuhani. Mfuko wa kushoto umejishonea suruali yake.

#17 Mama Kulwa
Mimi ni mwalimu, watoto wangu wa kidato cha kwanza huniuliza hili hili. Naomba niwaulize nyie wawili, mbona kuna mfalme alijaribu dawa ya Mtunza Ghala na ikashindikana? Akhenaten, miaka ya 1350 KK. Alimnyang'anya Amun kila kitu, akafuta jina lake kwa patasi mpaka juu ya minara, akahamisha mji mkuu kwenda Akhetaten, panapoitwa Amarna leo, mungu mmoja tu Aten. Mali yote ikarudi kwa mfalme. Je watu walishiba? Makaburi ya watu wa kawaida pale Amarna yamechimbwa, mifupa ya vijana imejaa dalili za lishe duni na migongo iliyoumia kwa kubeba mizigo. Na zile barua za vibao vya udongo zilizopatikana 1887, mfalme wa Byblos Rib-Hadda anaandika barua baada ya barua anaomba askari, msaada hauji. Akhenaten akifa, kijana Tutankhaten anabadilishwa jina kuwa Tutankhamun na mambo yanarudi yalikotoka. Kwa hiyo kuwapokonya makuhani peke yake haikuwa tiba.

#18 Mtunza Ghala
Mwalimu hapo umenibana, sina jibu la haraka. Nakubali Akhenaten ananiharibia hesabu.

#19 Mrundi wa Buja
Amakuru wakubwa, nami niingie. Hapa kwetu Burundi, Rutovu, uliokuwa mkoa wa Bururi, kuna chemchemi ya kusini kabisa ya Nile na juu yake kilimani wamejenga piramidi ndogo ya mawe. Nimefika nikiwa mwanafunzi, maji yanatoka kidogo unaweza kuyaziba na kiganja. Kwa hiyo mnaposema mto ulijaa Misri, hayo maji ni yetu, ya Ruvubu, Kagera, Ziwa Victoria. Wafalme wote hao walikuwa wanakunywa maji ya kwetu.

#20 Mwana wa Rufiji
Ndugu wa Buja karibu sana, hiyo piramidi lazima nije kuiona. Ila nikurekebishe kwa upendo, maji yenu yanafika Misri kweli lakini yale ya mafuriko ya kila mwaka, yaliyobeba tope jeusi, yalitoka Ethiopia, mito ya Abay na Atbara. Zaidi ya robo tatu ya maji yanayofika Misri yanatoka huko. Ya kwetu sisi wa ziwani yanatulia kwanza kwenye kinamasi cha Sudd kule Sudani Kusini na mengi yanakauka humo. Kazi ya maji yetu ni kuufanya mto usife miezi ya kiangazi. Hata hilo si dogo.

#21 Kisa Mkasa
Maji yetu lakini mkataba wa 1929 Muingereza akawapa Misri kura ya kukataa miradi yetu. Nyerere 1962 akasema hautambui. Hayo ndo ya kujadili.

#22 Mama Kulwa
Kisa Mkasa hilo lina uzi wake, tusiuue huu.

#23 Kalamu Nyeusi
Mbona hakuna anayetaja Kushi? Mnasema wageni waliiua Misri au hawakuiua, kuna wageni waliiokoa. Karibu 728 KK nchi imevunjika vipande, wafalme wanne watano kila mmoja na mji wake, akaja Piye kutoka Napata, Sudani ya leo. Jiwe lake lilipatikana Jebel Barkal. Alipoingia Hermopolis akakuta farasi wa mfalme Nimlot wamekonda kwa njaa ya kuzingirwa, akasema hilo limemuuma moyo kuliko maovu mengine yote aliyofanyiwa. Aliheshimu miungu ya Misri kuliko Wamisri wa wakati ule. Yeye na waliomfuata, Shabaka na Taharqa, walifufua sanaa ya zamani, wakajenga piramidi tena wakati Misri yenyewe ilishaacha. Sudani leo ina piramidi zaidi ya 200, ni nyingi kuliko za Misri. Nimefika Meroe kabla ya hii vita, ni ndogo na zina mwinuko mkali, na upepo wa jioni pale una sauti yake. Inaniuma nikifikiria hali ya watu wa kule sasa.

Na msisahau jina la nchi yenyewe ni Kemet, nchi ya weusi.

#24 Bint Hikma
Kushi nakupa mikono yote miwili, vitabu vingi vinawaruka. Kemet wengi wanasema ni nchi nyeusi kwa maana ya lile tope, kinyume na jangwa waliloliita nchi nyekundu. Najua Cheikh Anta Diop aliitetea hiyo tafsiri yako mpaka mkutano wa UNESCO pale Cairo 1974 na waliachana bila kukubaliana.

#25 Kalamu Nyeusi
Basi na sisi hatutakubaliana leo. Tope jeusi, watu weusi, vyote vilikuwepo pale. Seneferu na Khufu hawakutoka Ulaya.

#26 Jongoo Mpole
Na Cleopatra je? Yule malkia Mmisri mrembo aliyeiuza nchi kwa mapenzi. Si ndo mwisho wenyewe?

#27 Chuma Chakavu
Jongoo umekunywa kahawa yote unaleta hii? Cleopatra alikuwa wa ukoo wa Ptolemy, jemadari wa Alexander aliyeingia Misri 332 KK. Ni Wamakedonia. Plutarch anasema wafalme wa kabla yake hawakuhangaika hata kujifunza Kimisri, yeye ndo aliyejifunza. Farao wa mwisho mzawa ni Nectanebo II, aliyekimbia mbele ya Waajemi kama 343 KK. Na Cleopatra alikufa 30 KK, yaani yuko karibu na sisi wenye simu kuliko alivyo karibu na Khufu. Piga hesabu.

#28 Mwana wa Rufiji
Na huko kwa Cleopatra mto umo tena. Mwaka 43 KK ililipuka volkano ya Okmok kule Alaska, wamesoma majivu yake kwenye barafu. Milipuko mikubwa kama hiyo hupunguza mvua za Ethiopia, mto haujai. Na miaka hiyo hiyo maandishi yanataja njaa na maradhi Misri. Alikuwa anatawala huku mashamba hayajaloweka.

#29 Mtunza Ghala
Na Octavian alipoichukua alifanya nini? Akaifanya mali yake, seneta wa Roma haruhusiwi hata kukanyaga bila ruhusa yake, ngano inapakiwa kwenda Roma. Ghala limehamishwa tu mkuu.

#30 Ustadh wa Jioni
Mimi nauliza tu, kwa nini tuseme ilianguka? Imeanguka mara ngapi hiyo? Baada ya Pepi ikafufuliwa na Mentuhotep II kutoka Thebes. Baada ya Wahyksos, wale watawala wageni kutoka Asia, na farasi wao wa magari ya vita ikafufuliwa na Ahmose. Dola gani jingine lililoanguka na kusimama hivyo? Maandishi ya mwisho kabisa ya picha tunayoyajua yalichongwa kisiwani Philae mwaka 394 BK, wakati Roma imeshakuwa ya Kikristo. Na lugha yenyewe ipo mpaka kesho kwenye ibada za Wakopti. Champollion alipoyafumbua yale maandishi 1822 alisaidiwa sana na Kikopti alichokuwa anakijua.

#31 Mama Kulwa
Ustadh nimeinakili hiyo kwa ajili ya darasa la kesho. Shukrani.

#32 Fundi Chokaa
Wakuu samahani nilikuwa kazini, nimesoma yote. Mtunza Ghala hujamalizia, wale wa mgomo walilipwa au hawakulipwa?

#33 Mtunza Ghala
Walipewa ya mwezi uliopita, wakarudi kazini. Wakacheleweshewa tena, wakagoma tena, mara kadhaa mwaka huo huo. Waziri mkuu anaitwa To akawapelekea ujumbe kwamba hajachukua posho yao yeye, na kwamba maghala yenyewe hayana kitu, atawapa alichokipata. Wakapewa nusu posho. Na nyie vipi huko saiti?

#34 Fundi Chokaa
Na sisi Ijumaa tumepewa nusu.